Nyumba ya Mla Watoto

"Kijiji chako hakijapata kukaliwa na mtu," alisema Abdulwahid, na wote waliokuwamo chumbani wakazungusha viti vyao kuitazama skrini ya Saadiya.

Kilikuwa kijiji cha gemu, katika kisiwa kisichokuwepo duniani, chenye minazi ya buluu na popo wakubwa kama ng'ombe. Saadiya hakuhusika na minazi wala popo. Yeye alipewa vitu vya ndani: vyungu, mbuzi za kukunia nazi, mikeka, vitanda, kila kitu ambacho mchezaji angekiona akisukuma mlango na kuingia nyumba ya watu. Wenye gemu walikuwa Ulaya. Abdulwahid, aliyesoma huko akarudi, aliichukua kazi yao na kuifanyia kwenye ghorofa ya juu ya nyumba moja ya Shangani, mjini Unguja, pamoja na vijana wachache aliowafundisha mwenyewe na ambao hakuacha kuwakumbusha kwamba amewafundisha mwenyewe.

"Tazama chungu hichi," akaendelea, kidole kikigusa kioo. "Masizi yako wapi? Chungu gani kisichotiwa moto? Na huu mkeka nani kaukalia? Umepata kuuona mkeka wa watu wewe, au kwenu Matemwe mnakaa sofani?"

Wenzake wakacheka. Saadiya akacheka nao, maana asingecheka angechekwa zaidi.

"Ntarekebisha."

"Usirekebishe. Hili ni duka la fanicha, halirekebishiki. Wenye kazi washaniuliza kama nna mtu mwengine, na mimi sijawajibu bado." Akainamisha kichwa kumsogelea, kama mtu anayetoa siri, lakini sauti hakuipunguza. "Nenda kaangalie nyumba ya watu. Ukirudi, rudi na nyumba."

*

Nyumba aliyoijua ilikuwa moja tu, ya Bi Sichana, dada mkubwa wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Ilikuwa nyuma ya msikiti, mbali kidogo na mahoteli, na haikuwa na haja ya kuulizia. Ubao wa chini wa mlango wake ulikuwa umeliwa na mchwa zamani, ukatiwa kipande cha ubavu wa mashua iliyovunjika, cha kijani, chenye herufi zilizobaki za jina lake: BIRA. Watu wa Matemwe walikuwa wakielekezana njia kwa mlango ule. Ukifika kwa Bira, pinda kulia.

Bi Sichana alikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye aliyeitwa kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, na kumsinga mtoto mafuta mpaka viungo vikakaa sawa. Hospitali ilikuwapo na watu walikwenda, lakini wakirudi na mtoto mkononi walimtuma mtu kwa Bi Sichana kabla hawajavua viatu.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla? Una nini? Ushakula?"

"Nshakula. Nimekuja kupiga picha vitu vyako."

Bi Sichana alidhani kasikia vibaya. Alipofahamu kwamba mtoto kweli ametoka mjini na kamera ili apige picha chungu na kata, aliingia ndani mbio akaanza kukunja, kufuta na kuficha. Akatoa sandukuni shuka jipya la maua, alilopewa na mkwe wa mtu, lingali na mikunjo ya dukani.

"Usitandike, Mamkubwa. Nnataka kama ilivyo."

"Kama ilivyo hivi? Kitanda kimefungwa waya, hukioni?"

"Waya ndio nnaoutaka."

"Khe! Watu wataona."

"Hakuna atakayejua kuwa ni kwako. Ni mchezo wa kwenye kompyuta, Mamkubwa. Wanacheza Wazungu."

Basi akapiga. Akapiga kizingiti kilicholika katikati kwa miguu, na doa la mafuta ya nywele ukutani, pale Bi Sichana alipoegemeza kichwa kila alasiri tangu Saadiya hajazaliwa. Akapiga kigae cha mtungi kilichogeuzwa chombo cha kuku, na mkeka uliotoboka pembeni ukatiwa kiraka cha gunia. Akapiga mlango, ndani na nje. Mama wa watu akawa anamfuata nyuma, kikombe kilichovunjika mkono amekificha mgongoni, akitabasamu kama anayepimwa nguo mbele za watu.

"Na hicho, Mamkubwa, kilichoko mgongoni?"

"Hichi hakina mkono."

"Nipe."

Akampa.

Juu ya kitanda, kutoka ukuta hadi ukuta, ilipita kamba ya usumba wa nazi, na kwenye kamba vilifungwa vipande vya kanga, vyembamba kama utambi, vya rangi zote, vingine vimefifia hata maua yake hayajulikani. Saadiya aliviona maisha yake yote na hakupata kuuliza. Alipoinua kamera, Bi Sichana aliishika kwa kiganja.

"Hiyo usipige."

"Kwa nini?"

Bi Sichana akakaa kitandani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya aliyasema akiangalia miguu yake.

"Mimi nimezaa, mwanangu, na hakuna aliyenilia. Wote walitoka kimya. Basi nikawa kila mtoto nnayemkanda mama yake, ikifika arubaini, nnamuomba yule mama pindo la kanga aliyombebea. Nnalifunga hapo. Usiku nikilala nnawaombea dua, mmoja mmoja, kama mtu na watoto wake. Wenyewe wanajua nimechukua pindo, hawajui nnalifanyia nini. Wakijua watasema nnawaonea kijicho watoto wa wenzangu."

"Sitapiga," alisema Saadiya.

Na kweli hakupiga.

*

Nyumba ilipowekwa kwenye skrini, Abdulwahid alisimama nyuma ya Saadiya akaikagua kitu kwa kitu. Halafu akamgonga bega. Siku ya pili wakazungumza na wenye gemu kwa video, na bibi mmoja wa Kizungu mwenye nywele fupi akasema kuwa hajaona kitu kama kile. Doa lile la mafuta ukutani limemsisimua mwili. Nyumba nzuri namna ile haiwezi kuwa ya mtu wa kupita njiani tu. Wataifanya nyumba ya adui mkubwa wa kijiji, bibi kizee anayekula watoto.

Saadiya alisubiri simu ikatwe.

"Ile ni nyumba ya mama yangu."

"Mama yako anakula watoto?" aliuliza Abdulwahid.

Kicheko kikajaa chumbani.

"Hali."

"Basi haimhusu."

Alijaribu kwa mikono yake alichoshindwa kwa mdomo. Aliubadilisha mlango akautia ubao mzima. Wenye gemu wakaurudisha, ule wa mwanzo ulikuwa na roho zaidi. Alilifuta doa, wakalitaka. Herufi tu ndizo walizomruhusu kuzigeuza ziwe maandishi ya kisiwa chao, lakini ziliachwa na urefu uleule, kwenye ubao uleule wa kijani. Kila alichokirudisha alikirudisha kizuri zaidi kuliko kilivyokuwa, kwa sababu kazi hakujua kuifanya ovyo.

Kisha likaja swali. Mchezaji anapoingia mle ndani, alisema yule bibi, hakuna wa kumsimulia kitu. Atajuaje kwamba watoto wameliwa hapa? Wala msinipe mifupa, mifupa kila mtu ameifanya.

Vijana walifikiri. Mmoja akasema viatu vidogo. Mwengine akasema mwanasesere. Abdulwahid akatikisa kichwa kwa kila moja. Saadiya hakuwa na nia ya kusema. Lakini jawabu lilikuwa limeshamfikia, limetimia, na furaha ya mtu aliyeona kitu ambacho wenziwe hawajakiona ilimpanda kifuani ikamshinda.

"Kamba," alisema. "Juu ya kitanda. Vipande vya nguo za mama zao, kimoja kwa kila mtoto. Vya zamani vimefifia, cha mwisho kibichi."

Kwenye skrini yule bibi alifunika mdomo kwa kiganja, halafu akapiga makofi, na Abdulwahid akapiga, na chumba kizima kikapiga. Wiki ile Saadiya alipewa mkataba wa kudumu na meza ya dirishani. Njiani kurudi kwake Kikwajuni alijiambia kwamba ahadi ilikuwa ya picha, na picha hakupiga.

*

Simu ilitoka kwa Bi Kurwa, jirani wa Matemwe.

"Uko wapi wewe? Njoo umchukue mama yako."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Njoo."

Ilivyokuwa ni hivi. Mwatum, mke wa Kheir, alijifungua mtoto wa kiume. Bi Sichana akamkanda mama na kumsinga mtoto kama ada. Mtoto akashikwa na homa, akapelekwa hospitali, akafa. Watu walizika wakasema kazi ya Mungu haina makosa, na Bi Sichana alikaa matangani siku zote akipika. Matanga yalipokwisha, kijana mmoja anayefanya kazi hotelini akaletewa kwenye simu filamu fupi ya kulitangaza gemu. Mlango ulitokea kwanza. Yule kijana akacheka, akawaonyesha wenzake: jamani si kwa Bira hapa? Kisha mlango ukafunguka, wakaona doa, wakaona kitanda na waya wake, wakaona kamba. Chini ya kamba alisimama bibi kizee akihesabu vitambaa kwa kucha ndefu. Kufika Magharibi, filamu ilikuwa imo kila simu ya Matemwe, na imo kwa Kheir.

Saadiya alifika mchana wa siku ya pili. Alikuwa amejitayarisha kwa makelele, pengine kwa mawe. Hakukuta makelele. Alikuta wanawake wamesimama mstari kutoka mlangoni hadi ukuta wa msikiti, wengine na watoto wao mgongoni, wametulia kama watu waliofuata chanjo. Mmoja akiingia, anakaa kidogo, anatoka na kitu amekikunja kiganjani, hamtazami mtu.

Akapenya ndani. Bi Sichana alikuwa amesimama juu ya kitanda, pekupeku, mikono imenyooka kwenye kamba. Kheir alisimama pembeni, mikono nyuma, kama msimamizi.

"Nnaomba changu, Bi Sichana," alisema mwanamke aliyefikiwa na zamu. "Cha Wakil."

"Kile cha zambarau," alisema Bi Sichana. "Ngoja, fundo limekaza." Vidole vyake vilihangaika na lile fundo. "Wakil hajambo? Kifua kimeacha?"

Yule mwanamke alipokea, akaondoka, na mwengine akaingia.

"Mamkubwa," alisema Saadiya.

Bi Sichana aligeuza kichwa, akamwona, akarudi kwenye kamba.

"Sikilizeni!" Saadiya aliwaelekea Kheir na wale wa mlangoni. "Ile ni gemu, mchezo wa kubuni, hauna ukweli wowote. Mimi ndiye niliyeufanya. Mimi kwa mikono yangu. Yeye hajui lolote. Kama kuna wa kulaumiwa ni mimi."

Kheir alimtazama kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala.

"Wewe ndiye uliyefanya?"

"Mimi."

"Na mlango, na kitanda, na kamba, wewe ndiye uliyeweka?"

"Ndiyo, mimi."

"Na wewe umelelewa humu."

"Nimelelewa humu."

"Basi." Kheir aligeuka kuwaelekea wanawake. "Mlikuwa mkisema pengine ni watu wa mbali, wamefananisha tu. Haya, mmesikia. Mtoto wa ndani ndiye aliyesema. Nani angejua kuliko yeye?"

"Sikusema hivyo! Kheir, sikusema hivyo, mimi nilibuni..."

"Kamba ulibuni?" Alionyesha juu. "Hiyo hapo. Umeibuni?"

Saadiya alifungua mdomo. Angeweza kuwaambia kamba ni ya nini. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yale aliyoambiwa siku ile kitandani, kuhusu watoto waliotoka kimya na dua za usiku. Alimtazama Bi Sichana kumwomba ruhusa.

"Usiseme," alisema Bi Sichana kwa upole bila ya kugeuka. "Ushasema ya kutosha."

Kutoka kwenye mstari sauti ya kike ikasema, "Mwenyewe amemzuia, mmemsikia?" Na mstari ukasogea karibu zaidi na mlango.

Mwatum aliingia mwisho, akishikiliwa na mama yake. Alikuwa bado hajamaliza arubaini, na pindo lake halikuwapo kwenye kamba. Bi Sichana hakuwahi kuliomba. Alimwambia hivyo. Mwatum hakuamini. Alivishika vilivyobaki kimoja kimoja, akainua godoro, akafungua sanduku akalitikisa shuka la maua mpaka likaanguka sakafuni, na Bi Sichana akamwachia apekue, akimwambia pole, mwanangu, tazama na pale. Alipokuwa amechoka, Mwatum alikaa chini akalia, na mkono wa Bi Sichana ukatoka wenyewe kwenda mgongoni mwake, kama ulivyozoea. Mama yake aliupiga ukaanguka.

"Usimguse."

Walipotoka wote, kilibaki kitambaa kimoja kwenye kamba, cheupe kilichogeuka rangi ya chai. Bi Sichana alikifungua, akashuka kitandani taratibu, goti moja kwanza.

"Cha mama yako hichi. Wewe ulikuwa wa mwanzo," alisema, akamtilia Saadiya kiganjani. "Chukua. Wenzako wote washachukua."

*

Abdulwahid alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu hakuwa mtu mbaya kiasi hicho, na alimvutia kiti.

"Nimefahamu. Lakini gemu si letu, Saadiya. Tumeuza. Nikiwaambia waitoe nyumba ile, na ndiyo watu wanayoipenda kuliko zote, watasema nini? Watamtafuta mtu mwengine, na mimi na wewe na hawa wote tutarudi kutengeneza matangazo ya harusi." Akainama kumkaribia. "Mlete mama yako mjini, akae na wewe. Huku nani anamjua?"

"Hataki."

"Atataka. Watu wazima ndivyo walivyo." Kisha, kwa kuwa lilikuwa halina budi kusemwa, akasema: wenye gemu wameomba kijiji cha pili, cha milimani, na wamemtaja yeye kwa jina.

Saadiya hakuacha kazi. Alifanya kijiji cha milimani, na vyungu vyake vilikuwa na masizi.

*

Alikwenda Matemwe baada ya Idi, amebeba mchele, mafuta na kanga mpya. Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Bi Kurwa, aliyekuwa akifagia uwanja wake, alimwonyesha kwa ufagio: barabarani, kwenye kokoto.

Wajane na walioachwa hukaa pale kando ya njia, kila mmoja na banda lake la makuti na rundo la mawe ya matumbawe, wakiyaponda mpaka yawe kokoto za kujengea mahoteli. Bi Sichana alikuwa peke yake, mbali na wenzake; banda la jirani lilikuwa limehamishwa. Alikaa miguu imenyooshwa, nyundo mkononi, kipande cha mpira wa gari kimelizunguka jiwe ili lisiruke. Vidole ambavyo vilikuwa laini kwa mafuta ya nazi vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na kucha ya dole gumba imekufa.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba."

Hakusema mwanangu, wala hakuuliza kama amekula. Saadiya alikaa chini kwenye mawe bila ya kuambiwa. Akanyoosha mkono achukue nyundo. Bi Sichana akaihamishia upande wa pili na kuendelea.

"Twende mjini, Mamkubwa. Nna chumba. Kuna watu wanajifungua kila siku pale kwetu, hakuna anayejua hata kidogo..."

"Sikandi tena."

"Basi ukae tu, upumzike. Nitukane, nipige, ila usikae hapa."

Nyundo ikapanda, ikashuka. Gari ya kokoto ilisimama na dereva wake aliyeitwa Mmanga, mtu wa Uroa anayenunua kokoto ukanda mzima, akateremka kutazama rundo. Alikoroga kwa kiatu, akasema bado kubwa kubwa, zipondwe zaidi. Bi Sichana akasema sawa. Ndipo Mmanga alipomwona msichana wa mjini aliyekaa vumbini na mfuko wa mchele, baibui yake safi.

"Mwanao huyu, mama?"

Saadiya aliinua uso. Bi Sichana alimtazama pia, kwa makini, kuanzia ushungi mpaka viatu, kama anayetafuta anapomjua.

"Mgeni," alisema. "Amekuja kuangalia."

"Aa," alisema Mmanga. "Wanapenda kuangalia hawa." Akapanda gari yake.

Vumbi lilipotulia, Bi Sichana alizungushia mpira jiwe jengine, akainua nyundo.